Hiyo Ilikuwa ya Kwako

Jioni moja ya Desemba mtoto wa jirani aliingia uani kwetu Ujiji akiwa ameshika simu ya kaka yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Yuko darasa la tatu. Alimwamkia Bibi, akaniamkia na mimi, akakaa kwenye ukingo wa mkeka, kisha akauliza.

“Bibi, mbona huyu wa kwenye simu hakurudi? Wewe ulisema alirudi.”

Bibi aliacha kuchambua dagaa. Hakumjibu mtoto. Alinitazama mimi.

Hadithi aliyokuwa ameisoma niliiweka mimi mtandaoni, na jina langu liko kwenye jalada. Inahusu mvuvi anayetoka usiku asirudi. Baba wa mtoto huyu alikuwa mvuvi wa dagaa. Miaka miwili kabla ya jioni ile upepo ulikipindua chombo chao. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana tena.

Nieleze ilivyokuwa, maana sikuiandika kwa ubaya, ingawa tangu siku ile sina hakika kwamba nia njema ni utetezi.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa watu wa Ujiji, Kibirizi na Katonga ile ilikuwa habari ya mfuko na sufuria. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni, nikikusanya mambo ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili kuhusu vitabu vya watoto, na kilichonishangaza zaidi kilikuwa giza. Usiku usio na mwezi umezoea kuona taa za wavuvi zimepangana hadi mbali, utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Miezi ile hapakuwa na kitu. Tulikaa barazani tukitazama weusi mtupu, Bibi akasema mwezi amekuja kuchukua taa zake zote kwa mpigo. Nikajua hadithi inakuja. Nikatoa simu mfukoni, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Hadithi yenyewe ni hii. Mvuvi mmoja alikuwa maskini, hana hata taa ya kuvutia dagaa. Akamwomba mwezi amwazime yake kwa usiku mmoja tu. Mwezi akampa, kwa sharti airudishe kabla jogoo hajawika. Mvuvi akajaza chombo, akauza, akafurahi, akasema ngoja nikae nayo usiku mmoja zaidi. Halafu mmoja zaidi. Usiku wa saba mwezi akashuka mwenyewe ziwani kudai chake, ndiyo maana hadi leo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawatoki: mwenye taa yupo juu, anatazama.

Katika hadithi niliyoijua tangu utotoni, mwezi alipoichukua taa aliondoka na mvuvi pia. Mkewe akabaki ufukweni akihesabu taa za wengine kila usiku wa giza. Usiku ule wa Juni Bibi aliisimulia hivyohivyo, kwa sababu nilimwomba aisimulie “kama zamani”. Niliinukuu neno kwa neno, nikaipunguza kidogo, nikachora picha kumi na mbili kwa rangi za maji, nikaituma kwenye maktaba moja ya watoto ya mtandaoni. Wiki tatu baadaye ilikuwa hewani. Ndugu zangu waliisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya familia hadi Dar es Salaam na Bujumbura. Nilijisikia nimeokoa kitu.

Neno hilo, kuokoa, tunalitumia sana tunapozungumzia simulizi na teknolojia. Wazee wanaondoka, tuwarekodi. Hadithi zinapotea, tuziweke mtandaoni. Sisemi ni uongo. Nimesoma shule ya msingi Kigoma, na kitabu cha hadithi, kisicho cha kiada, nilikigusa mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 ukisaidia vitabu vya Kiswahili vichapishwe na vifike shuleni, na kazi yake ni ya kuheshimiwa, lakini kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam kina zaidi ya kilomita 1,200 za reli kabla ya kufika hapa tulipo, na kila kilomita ina bei yake. Hadithi ya kwenye simu inafika kwa bando la shilingi mia tano. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014, umeweka hadithi katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, chini ya leseni huria: yeyote anaruhusiwa kusoma, kutafsiri, hata kubadilisha. Mchapishaji wa kawaida hawezi kukupa hilo, atafilisika.

Na kuna ushahidi mzito zaidi ya huo. Mkoani Tanga, katika vijiji takriban 170, karibu watoto 3,000 ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Yalikuwa mashindano ya XPRIZE, na mwaka 2019 programu mbili, ya onebillion na ya Kitkit School, ziligawana ushindi. Watoto walijifunza bila mwalimu kusimama mbele yao. Mtu akiniambia simu haiwezi kumfundisha mtoto kusoma, nitamwambia aende Tanga akaulize.

Kwa hiyo swali langu haliko kwenye kusoma. Mtoto yule wa jirani anasoma vizuri sana, na hilo ndilo lililoniponza.

Alipokwisha kuuliza, Bibi alimwita akae karibu yake, akamshika kichwa kama anayetafuta chawa, akaanza kuongea mambo mengine kabisa, ya shule, ya mdogo wake, ya kuku aliyepotea. Mtoto alipoondoka ndipo akanigeukia. Sikuwa nimejua kwamba alikuwa amemsimulia hadithi ileile, na kwamba katika ile aliyompa yeye mwezi anamrudisha mvuvi alfajiri, amelowa, hana taa wala samaki, anatembea kwa miguu kutoka ufukweni hadi mlangoni kwake.

Nilimwuliza Bibi kwa nini aliibadilisha.

“Sikubadilisha,” akasema.

“Lakini mimi uliniambia hakurudi. Na juzi nimekurekodi, umesema hakurudi.”

Akacheka, si kicheko cha furaha sana. “Hiyo ilikuwa ya kwako, mjukuu wangu. Wewe ulikuwa mtoto mkaidi. Unakwenda kuoga ziwani magharibi, peke yako, na mamba wapo. Ningekwambia alirudi, ungekwenda tena.”

Nimekaa na jibu hilo miezi mingi sasa. Mimi ni mtu wa fasihi, nilifundishwa kutafuta matini asilia, toleo la kwanza, lile ambalo mengine yote ni vivuli vyake. Niliamini nimelirekodi. Kumbe nilikuwa nimerekodi dawa iliyopimwa kwa ajili ya ugonjwa wangu wa mwaka fulani, nikaibandika karatasi inayosema “hadithi ya jadi ya Kigoma”, nikawagawia watoto wote wenye simu. Bibi aliipata kwa shangazi yake aliyevuka kutoka upande wa Kalemie, na bila shaka shangazi naye alikuwa na mwisho wake kwa ajili ya Bibi. Sijamwuliza ulikuwa upi. Nadhani ni siri yao.

Wanafalsafa waliliona hili mapema. Katika Phaedrus, Plato anamleta Socrates akilalamika kwamba maandishi yanazunguka kila mahali, yakiwafikia wanaofaa na wasiofaa, bila kujua yaseme na nani na yamnyamazie nani. Na yakipingwa, hayawezi kujitetea bila baba yao kuja kuyasaidia. Nilipoyasoma hayo darasani niliandika pembeni kwa kalamu ya kijani: “hofu ya mzee.” Bado ninayo ile nakala. Siku nikiifungua huwa naifunga haraka.

Mtu anaweza kusema, basi kosa ni la maandishi, si la simu. Edward Steere alizichapisha hadithi za Waswahili wa Zanzibar mjini London mwaka 1870, na tangu hapo zimesomwa na watu ambao wasimulizi wake wasingeweza kuwaota. Ujiji yetu nayo dunia inaijua kwa hadithi iliyosimuliwa na mgeni. Stanley alikutana na Livingstone hapa mwaka 1871, mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka, na ile salamu maarufu anayodai kuitamka ikawa maarufu kuliko mji wenyewe. Mwandishi wa wasifu wake, Tim Jeal, aliandika mwaka 2007 kwamba kurasa za shajara zinazohusu mkutano ule zimechanwa, na kwamba huenda salamu ile haikutamkwa kabisa. Watu wa Ujiji walikuwepo, umati mzima, na katika hadithi hiyo wamebaki kama miembe kwenye picha. Wao waliwasimuliaje watoto wao jioni ile? Hakuna aliyewauliza, na kitabu hakiwezi kuulizwa.

Kwa hiyo ndiyo, karatasi ilitangulia kukosea. Lakini karatasi ilikuwa na kizuizi chake. Kitabu cha watoto kilipofika mtaani kwetu kilifika mkononi mwa mtu mzima: mwalimu, mjomba aliyetoka safari, padri, sheikhe. Mtu huyo alikuwa na nafasi ya kukifungua, kukunja uso, na kuamua kwamba fulani asipewe hiki mwaka huu. Hakuwa anafuata kanuni yoyote. Alikuwa anawajua watu wake. Hadithi yangu ilimfikia mtoto yule saa kumi jioni, mama yake akiwa sokoni, kaka yake akiwa amelala, yeye akiwa peke yake na kioo. Hakuna hata mtu mmoja kati yangu na yeye.

Kuna upande wa mtandao ambao umemrudisha msikilizaji, na lazima niuseme kwa sababu naupenda. Mkoa huu ulimtoa Ben Mtobwa, aliyeishi kati ya mwaka 1958 na 2008, mwandishi wa Dar es Salaam Usiku na mwanzilishi wa Heko, aliyeonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kuuzwa barabarani kama karanga. Baadaye Eric Shigongo akawazoesha watu kusubiri sehemu inayofuata gazetini. Leo wanaoendeleza kazi hiyo ni vijana wa rika langu kwenye Facebook na WhatsApp: sehemu ya kwanza bure, “tukifika like mia mbili naendelea”, halafu ukitaka zilizobaki unatuma pesa kwa simu. Tunawacheka darasani kwa makosa yao ya tahajia. Lakini nimefuatilia simulizi moja ambayo msichana aliuawa sehemu ya tisa, wasomaji wakawaka, na kufikia sehemu ya kumi na moja ikagundulika kwamba alizirai tu. Ni fasihi mbaya, labda. Ila Bibi angeielewa mara moja. Hadhira ilisema haiwezi kubeba kile kifo, na msimulizi akasikia.

Hata Ubongo Kids, katuni zilizotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonekana kwenye televisheni mwaka 2014, zilianza kwa kuwauliza watoto maswali na kupokea majibu yao kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Mtu aliyebuni hilo anajua maana ya kuita “hadithi, hadithi” na kusubiri uitikiwe.

Lakini kuitikiwa na watu elfu si sawa na kumwona mmoja. Like mia mbili hazikwambii kwamba kati ya wasomaji yuko mtoto mmoja ambaye baba yake hakuonekana. Na pale ambapo teknolojia inamjua kweli msikilizaji mmojammoja, inamjua kwa kazi nyingine. Mpwa wangu wa miaka mitano akiangalia video ya papa, simu inamletea papa mkubwa zaidi, halafu papa anayekula mtu. Inamfuatilia kwa makini kuliko bibi yeyote: alipositasita, aliporudia, alipokodoa macho. Bibi akiona mtoto amekodoa macho anapunguza. Simu ikiona amekodoa macho inaongeza. Wote wawili wanabadilisha hadithi kulingana na msikilizaji, kwa hiyo siwezi tena kusema, kama nilivyotaka kusema nilipoanza kuandika haya, kwamba tatizo la simu ni kutotujua.

Nilidhani kwa muda kwamba jibu liko kwenye haki. Fomu ya ile maktaba ilikuwa na nafasi ya mwandishi na nafasi ya mchoraji. Nafasi ya msimulizi haikuwepo. Nilijaza jina langu pote pawili, nikijiambia Bibi hana haja na mambo hayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi zisitumiwe ovyo, na ningeweza kuandika sura safi ya tasnifu kuhusu mjukuu aliyempora bibi yake. Nilipomwomba Bibi radhi kwa hilo hakuelewa ninachoombea. Hadithi si mali yake, alisema, kama ambavyo maji ya kisimani si mali ya mwenye ndoo. Kilichomuudhi ni kwamba sikumwuliza inakwenda kwa nani.

“Nitawajuaje watakaosikia?” aliniuliza. Nikamwambia hawezekani kuwajua, ni wengi. Akasema, “Sasa wewe unampaje chakula mtu usiyejua kama ana meno?”

Sina jibu kamili. Wapo rafiki zangu wanaosema watoto hawafai kufichwa, kwamba wavuvi wengine hawarudi na mtoto yule analijua hilo kuliko sisi sote. Ni kweli analijua. Kwa sababu hiyohiyo hakuhitaji kulisoma kwenye kitabu chenye picha za rangi, chenye mwezi anayetabasamu, kinachosema kwa upole wote kwamba ilikuwa kosa la mvuvi kwa sababu ya tamaa. Hapo ndipo ninapoumia. Kwangu mimi, mtoto mkaidi wa miaka saba, tamaa ya mvuvi ilikuwa onyo. Kwake yeye ni mashtaka dhidi ya baba yake, na aliyeyaandika ni dada wa nyumba ya pili ambaye humwamkia kila siku.

Nilifikiria kuifuta. Maktaba iliniruhusu, lakini chini ya leseni ile mtu ambaye simfahamu alikuwa ameshaitafsiri kwa Kifaransa, na ile ya Kifaransa ni yake. Pengine sasa hivi iko ng'ambo ya ziwa, kwenye simu ya mtoto wa Uvira. Hadithi ilivuka kuja kwetu kwa mdomo wa shangazi wa Bibi, nami nimeirudisha bila mdomo wowote.

Nilichofanya ni kidogo. Leseni ileile iliyoniponza inaruhusu kubadilisha, kwa hiyo nimeandika toleo la pili ambalo mvuvi anarudi, na nimeomba matoleo yote mawili yakae pamoja, ukurasa wa kwanza ukimwambia mtu mzima ayasome yote kabla ya kuchagua. Waliniandikia kwa adabu kwamba watoto wengi hufungua wenyewe. Najua. Jina la Bibi limeingia, kwenye nafasi ya mwandishi, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Kabla ya kutuma nilikwenda kwa mama wa mtoto, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni na beseni kiunoni. Akasema mwanawe hakulia siku ile, ila usiku aliuliza kama baba alikuwa ameazima kitu cha mtu. Kisha akasema nimpelekee tu hiyo mpya, aione kabla ya wengine.

Nilikwenda na michoro kwenye karatasi, si kwenye simu. Aliipanga juu ya mkeka, akaruka hadi ya mwisho, akamtazama mvuvi aliyelowa mlangoni, akarudi nyuma hadi picha ya nne, ile ya chombo katikati ya ziwa. Akaikalia kimya kwa muda.

“Dada, hii umekosea.”

“Nimekosea wapi?”

“Wenzake wako wapi? Hakuna mtu anakwenda dagaa peke yake.”

Bibi alikuwa nyuma yetu na ungo wake. Sijui kama alitusikia. Nilimwuliza mtoto walikuwa wangapi. Akahesabu kwa vidole, akitaja majina, mengine niliyajua, ni watu wa mtaani kwetu.

“Watano na baba.”

Nilikuwa na penseli. Akanisogezea karatasi, akaonyesha kila mmoja anakaa wapi.